Utani Usiojibiwa: Mtu Mweusi katika Filamu za Kuchekesha

Hotuba kwa wanafunzi wa ualimu na vijana wa maigizo, Mtwara

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliotoka Mikindani na wengine mliopanda basi alfajiri kutoka Newala, na nyinyi vijana wa maigizo ambao ndio hasa mlionifanya nikubali mwaliko huu: nawashukuru kwa kunipa nafasi, na naomba mnivumilie, kwa kuwa mwalimu wa fasihi akishakabidhiwa kipaza sauti hanyang'anywi kwa urahisi.

Mada niliyopewa ni namna mtu mweusi alivyochorwa katika filamu za kuchekesha na za tashtiti, yaani zile zinazokejeli ubaya kwa kuuchekesha. Naomba nianzie mbali kidogo na filamu, katika shule moja ya bweni, nje ya mkoa wetu, nilikopelekwa baada ya kumaliza darasa la saba. Wiki ya kwanza tu wenzangu waligundua kwamba mtoto wa Kusini hasemi “mtu”, husema “ntu”, na hasemi “mkate”, husema “nkate”. Tangu siku hiyo nikawa burudani ya bweni. Niliitwa asubuhi kabla ya uji na usiku kabla ya taa kuzimwa, niseme neno, watu wacheke. Sikukasirika, kwa sababu nimelelewa katika utani. Baada ya wiki kadhaa nikaona zamu yangu imefika, nikasimama darasani na kuiga namna mwenzetu mmoja alivyokuwa akichanganya “r” na “l”. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliniamuru niketi na niache dharau.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini, na ndilo nitakalolitumia leo kupimia kila filamu nitakayoitaja.

Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa kucheka. Mmakonde, Mmwera, Myao, Mmakua na Mngoni wameunganishwa na nyuzi za utani ambazo baadhi yake zilifumwa baada ya vita vya babu zetu, kiasi kwamba msiba usio na watani huonekana kama umepungukiwa kitu. Mtani huingia msibani akadai kwamba marehemu alikuwa na deni lake la mbuzi, akazuia mwili usitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa, machozi yakiwa bado mashavuni, wakajikuta wanacheka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, na siku msiba ukihamia kwake, wewe uliyetaniwa ndiye unayekwenda kumdai huyo mbuzi. Utani una masharti: anayetaniwa ana haki ya kujibu, na anayetania ana wajibu wa kuzika. Ukiyaondoa masharti hayo, maneno yanaweza kubaki yaleyale na kicheko kikabaki kilekile, ila Kiswahili kina jina jingine kwa kitu hicho.

Sasa twende Marekani. Karibu mwaka 1830, mwigizaji mzungu aliyeitwa Thomas Dartmouth Rice alianza kupanda jukwaani akiwa amejipaka masizi usoni, amevaa matambara, akicheza na kuimba kama mtumwa mweusi kilema aliyemwita Jim Crow. Watu walimpenda mno. Wengine wakaiga, na mwaka 1843 kikundi cha wazungu wanne wenye nyuso za masizi kikaanza kutoa maonyesho ya usiku mzima jijini New York. Masizi yenyewe yalitokana na vizibo vya chupa vilivyochomwa na kusagwa, na midomo ilipakwa rangi mpaka ikaonekana kubwa kupita kiasi. Hivyo, katika nchi ambamo mtu mweusi alikuwa akiuzwa mnadani, burudani iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mzungu anayejifanya mtu huyo, akionyesha kwamba ni mvivu, mwoga wa mizimu, mwizi wa kuku, tena mwenye furaha kubwa katika utumwa wake. Jina la mchekeshaji huyo wa kubuni likaja kuwa jina la sheria zote za kuwatenga Weusi, zilizodumu hadi miaka ya 1960. Sijui nchi nyingine ambayo mfumo wake wa ubaguzi ulipewa jina la kichekesho.

Tulitazame kwa makini hilo la uvivu, kwa sababu linatuhusu. Mtu anayelimishwa pamba tangu jua kuchomoza hadi kuzama, bila ujira, ndiye aliyechorwa akisinzia chini ya mti. Hata tikiti maji, tunda ambalo hapa sokoni tunalipiga kwa kidole kusikiliza kama limeiva na hatuoni ndani yake jambo lolote la rangi ya ngozi, kule liligeuzwa kuwa tusi, na lilianza kutukanishwa wakati ambapo Weusi waliotoka utumwani walipokuwa wakililima na kuliuza kwa faida yao wenyewe. Kichekesho kilifika palepale uhuru ulipofika, kikaufanya uhuru huo uonekane upuuzi. Nasema linatuhusu kwa kuwa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia Kilwa na hapo Mikindani, na baadaye vijana wa Kusini wakawa manamba katika mashamba ya mkonge. Na mpaka leo mtu anaweza kuketi katika baraza ya mjini akasema kwamba watu wa Kusini ni wavivu, wenzake wakacheka, pasiwepo anayeuliza mkonge ule ulikatwa na nani.

Filamu ilipozaliwa ilirithi masizi hayo kama mtoto anavyorithi koti la baba. Mwaka 1915, katika The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, wahusika weusi wenye sura ya kutisha au ya kuchekesha waliigizwa na wazungu waliopakwa rangi, na chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kikaendesha upinzani mkubwa. Mwaka 1927 The Jazz Singer, filamu ndefu iliyofungua zama za sauti, ilimwonyesha Al Jolson akiimba kwa uso wa masizi. Ina maana kwamba siku senema ilipojaliwa kusema, ilisema ikiwa imevaa uso wa kuazima.

Yupo mtu mmoja ambaye siwezi kumpita haraka. Bert Williams alizaliwa Nassau, visiwa vya Bahamas, mwaka 1874, na alikuwa mweusi. Ili aruhusiwe kuchekesha katika majumba makubwa ya New York ilimbidi naye ajipake masizi juu ya ngozi yake mwenyewe, kwa kuwa hadhira haikumtaka mtu mweusi, ilimtaka yule wa kubuni. Mchekeshaji mzungu aliyefanya naye kazi, W. C. Fields, alisema kwamba hakupata kumwona mtu anayechekesha kuliko Williams, wala hakupata kumjua mtu mwenye huzuni kuliko yeye. Mwaka 1913 Williams aliigiza katika filamu ambayo haikumalizwa. Mikanda yake ilikaa kwa miongo mingi katika hifadhi ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, ikaonyeshwa kwa umma mwaka 2014. Nawasihi mkiipata muitazame. Williams mwenyewe ana masizi, lakini waliomzunguka, weusi kwa makumi, hawana. Wamevaa vizuri, wanacheza dansi, wanapanda pembea, na mwishoni yeye na mwanamke anayempenda wanabusiana kwa utulivu kabisa, pasipo mzaha wowote. Ni kana kwamba waliafikiana: mmoja wetu atalipa kodi ya masizi, wengine tupite.

Baada ya hapo alikuja Lincoln Perry, aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Stepin Fetchit, ambaye alijipatia mali na umaarufu katika miaka ya 1930 kwa kuigiza mtu mzito wa kutembea na mzito wa kuelewa. Na alikuja Hattie McDaniel, mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, mwaka 1940, kwa nafasi ya yaya mnene mwenye maneno makali katika Gone with the Wind. Usiku wa tuzo aliketishwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo, kwa sababu hoteli ile haikuwapokea Weusi. Vijana hupenda kuwalaumu watu hawa wawili. Mimi nimeacha, tangu nilipokumbuka kwamba kule bwenini nami nilisema “nkate” mara nyingi bila kulazimishwa, kwa kuwa aliyechekesha alipewa ukoko wa wali.

Mambo haya hayakubaki ng'ambo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio uliotengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki. Moja ilihusu benki ya posta: mfanyakazi mmoja anafukia akiba yake ndani ya nyumba, inaibwa; mwenzake anaipeleka benki, inasalimika. Kuanzia hapo tukawa na Mwafrika mwerevu, anayefanya kama Mzungu alivyomwagiza, na Mwafrika mjinga, ambaye ndiye sisi wengine wote. Kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939 kilishikilia hata kwamba Mwafrika asionyeshwe filamu yenye picha za kubadilika harakaharaka, eti akili yake haitaweza kuzifuata. Leo mtoto wa darasa la tatu pale Shangani anakata na kuunganisha picha kwenye simu ya mama yake bila kufundishwa na mtu, naamini mmewaona.

Mwaka 1952 ikatoka filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, iliyohusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kuchezewa na wajanja wa mji. Aliyeigiza mshamba huyo alikuwa kijana wa Kusini, mzaliwa wa Songea, Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mara nyingi nimejiuliza wale waliocheka mwaka 1952 walijisikiaje mwaka 1962.

Lakini filamu iliyonisumbua kuliko zote niliiona hapahapa Mtwara, katika banda la video, nimebanwa benchi moja na vijana wengine wanane. The Gods Must Be Crazy ilitengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini mwaka 1980, enzi za ubaguzi wa rangi. Chupa ya soda inaanguka kutoka ndegeni, Msan mmoja, mtu wa jamii ya wawindaji wa jangwa la Kalahari, anaiokota, ukoo wake unagombana kwa ajili yake, naye anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Tulicheka mpaka benchi likapinduka. Filamu inatuambia kwamba watu hao hawajui fedha, hawajui mali, hawana hata neno la kumgombeza mtoto. Aliyeigiza, N!xau, alitoka Namibia, na malipo aliyopata kwa filamu hiyo ya kwanza yalikuwa madogo mno ukilinganisha na mamilioni iliyoingiza duniani kote. Wasan wa sehemu za kwao, wakati huohuo filamu ikipigwa, walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao, pombe imewaingia, na jeshi la Afrika Kusini linawaandikisha vijana wao kwenda kupigana. Walizijua fedha vizuri sana. Walichokosa ni kuzipata.

Sisemi kwamba filamu ile haichekeshi. Inachekesha, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kilichonishtua nilipoitazama tena nikiwa mtu mzima ni kwamba sisi, weusi wa benchi lile, tulicheka tukiwa tumekaa upande wa mwenye ndege. Tulimtazama Msan kwa jicho lilelile ambalo wengine walitutazama nalo sisi, na hatukuona ajabu, kwa sababu kamera ilikwisha kutuchagulia mahali pa kukaa.

Je, yupo aliyejibu utani huu? Wapo, na wameujibu kwa tashtiti. Melvin Van Peebles, mwaka 1970, alitengeneza Watermelon Man, hadithi ya mzungu mbaguzi anayeamka asubuhi moja akiwa mweusi. Wenye studio walitaka achezwe na mzungu aliyepakwa rangi nyeusi. Van Peebles akakataa, akamchukua Godfrey Cambridge, mweusi, na kumpaka rangi nyeupe kwa sehemu ya mwanzo. Kwa mara moja masizi yakageuzwa upande. Mel Brooks, mzungu Myahudi, akishirikiana na mchekeshaji mweusi Richard Pryor na waandishi wengine, alitoa Blazing Saddles mwaka 1974, ambamo mweusi anapelekwa kuwa mkuu wa polisi katika mji wa wazungu ili mji uvunjike, na kinachochekwa humo ni ujinga wa wenye mji. Robert Townsend, mwaka 1987, katika Hollywood Shuffle, alimwonyesha mwigizaji mweusi anayefundishwa na wazungu jinsi ya kutembea na kusema “kama mweusi”. Kipande hicho huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka mmoja wao hunyosha mkono na kusema kwamba naye ameambiwa hivyohivyo Dar es Salaam: “Ongea Kimakonde zaidi.”

Hata hivyo tashtiti ina tundu lake. Spike Lee alilionyesha mwaka 2000 katika Bamboozled. Mwandishi mweusi wa televisheni, amechoshwa na wakubwa wake, anabuni kipindi cha masizi katika shamba la matikiti, kibaya na cha aibu kwa makusudi, akitumaini kwamba atafukuzwa kazi. Kipindi kinapendwa nchi nzima. Watazamaji, wazungu kwa weusi, wanakuja studio wamejipaka masizi wenyewe, na aliyekibuni kama kisu cha kuwachoma wenzake anakuta kimemgeukia. Filamu hiyo haistareheshi, nami nakiri sikuipenda mara ya kwanza. Naona inapiga kelele mahali ambapo ingenong'ona. Ila dakika zake za mwisho, zinapopita mfululizo picha za kweli za filamu za zamani, macho yaliyotolewa, midomo iliyopakwa, watoto wanaokimbia mizimu, sijamwona mtu aliyeweza kuzitazama huku anakula bisi.

Miaka mitano baadaye jambo hilo lilimtokea mtu halisi. Dave Chappelle alikuwa na kipindi cha vichekesho kilichopendwa sana Marekani, na mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 50. Mwaka 2005, katikati ya kurekodi msimu wa tatu, aliondoka akaenda Afrika Kusini. Mwaka uliofuata alieleza kwamba wakati wa kurekodi kipande kimoja ambamo yeye mwenyewe alikuwa amepakwa masizi, akikusudia kuzikejeli sura hizo za kukariri, mzungu mmoja katika chumba cha kurekodia alicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha namna ambayo Chappelle hakuipenda. Alishindwa kujua kama mtu yule anacheka pamoja naye au anamcheka yeye. Fikirini thamani ya kicheko kimoja ambacho mchekeshaji mzoefu alikitambua kwa sikio, kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe usiku.

Wazee wa Newala, najua mnaningoja nifike kwenye mapiko, vinyago vyetu vya ngoma. Kabla ya kamera ya Mzungu kutuchora, sisi tulikuwa tumekwisha kumchonga. Fundi wa Kimakonde alichukua mti mwepesi, akauchimba ndani ukaenea kichwani, akabandika nywele za mtu, na mchezaji akatazama kupitia mdomo wa kinyago. Akamchonga Mzungu na kofia yake, Mwarabu na ndevu zake, Mhindi wa duka, akampeleka uwanjani akatembee kwa kiburi chake mpaka watoto wadondoke kwa kucheka. Mchongaji huyohuyo alichonga pia mwanakijiji mlevi na bibi mgomvi. Hakuwaacha watu wake nje ya uwanja.

Hilo ndilo linalokosekana katika komedi zetu za leo, na hapa ndipo naomba mnikasirikie kidogo. Tazameni filamu zetu za Kibongo. Mlinzi wa getini ni Mmakonde, ana chale usoni, anasema “ntu”, anachelewa kuelewa, anakimbia mwizi akija. Daraja la Mkapa limevuka Rufiji tangu mwaka 2003, mwana wa Lupaso, Masasi, Benjamin Mkapa mwenyewe, amekuwa Rais kwa miaka kumi, lakini mlinzi yule bado yuko getini na lafudhi ileile. Na msichana mweusi tii akiingia kwenye picha, kazi yake ni kukataliwa ili watu wacheke, halafu aingie mwenzake aliyejichubua. Hatukuhitaji hata kizibo cha kuchoma. Mtaniambia kwamba huo ni utani wa makabila, nami nitawauliza kwa kipimo kilekile: mlinzi anajibu saa ngapi? Ni dakika ya ngapi ambapo mwenye nyumba naye anaigwa, anatembezwa uwanjani, anachekwa?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na la hapa ukumbini. Kikundi kitakachopanda jukwaani baada yangu kilinipa muswada wao wiki iliyopita. Ulikuwa na mlinzi kutoka Tandahimba, hana jina, ana maneno matatu tu, “Ndiyo”, “bosi” na “samahani”, na pembeni yameandikwa maelekezo: aseme kwa lafudhi. Nilimwomba mwandishi, binti ambaye ameketi pale mstari wa pili na anajifanya hanisikii, ampe mtu huyo jina na zamu ya kusema. Alinikatalia kwa adabu, akasema mchezo utakuwa mrefu. Leo asubuhi amenifuata getini na ukurasa mpya. Mlinzi sasa anaitwa Nankoma, lafudhi yake ameiacha palepale, na ana maneno dakika nzima. Dakika hiyo yote anamwiga mwalimu mmoja wa fasihi, mwenye suruali inayoishia juu ya vifundo vya miguu, ambaye hawezi kuomba maji ya kunywa bila kutoa hotuba. Nimeusoma ukurasa huo mara mbili, nikautia saini. Karibuni jukwaani.